Kiti cha Katekista na Mtu Asiyelala

Juma lililopita mliniacha nimekalia sanduku langu la bati pale yanaposimama malori, Ifakara, nimefukuzwa shule kwa kosa la mbuzi. Aliyekosa sehemu hiyo nitamsaidia kwa ufupi: mbuzi alikuwa wa misheni, kanzu ilikuwa ya Bruda Mkuu, na mimi ndiye niliyewakutanisha.

Bruda Mkuu aliniambia nisirudi mpaka nipate utulivu wa moyo. Akanituma nikautafute kwa mjomba wangu Kasmiri, mpiga mtumbwi, mtu mtulivu kuliko wote katika bonde la Kilombero.

Bahati yangu ndiyo hiyo. Nilifika nikakuta utulivu umeisha.

Aliyenifungulia mlango alikuwa mke wa Mjomba, Mama Domitila. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaanga pilipili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kulala hapa, Fridolin?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi utakuwa wa kwanza."

Alinieleza yote huku akipepeta mchele. Wakati wa masika, mto ulipofurika, Mjomba na rafiki yake Donati walitoka kutega samaki. Mtumbwi ukapinduka. Mjomba alishika tete akaokoka. Donati hakuonekana tena. Kilichorudi ni kofia yake ya ukindu, ikielea peke yake. Sasa ilikuwa imetundikwa ukutani kwa Mjomba kama picha ya mtakatifu.

Tangu siku ile Mjomba hakulala. Sisemi alilala kidogo. Sisemi alilala vibaya. Hakulala.

Angelala macho wazi kitandani, Ifakara ingemvumilia. Shida ni kwamba alitoka. Giza likiingia alizunguka mtaani akigonga milango.

"Hodi!"

"Nani?"

"Kasmiri. Umelala?"

"Nilikuwa nimelala!"

"Una bahati," alijibu, akaenda mlango wa pili.

Dawa zilijaribiwa. Dresa wa zahanati alimpa chumvi ya kuharisha, maana ndiyo dawa aliyokuwa nayo na aliitoa kwa kila ugonjwa, kuanzia kikohozi hadi mguu uliovunjika. Mjomba akawa hana usingizi wala nafasi ya kukaa. Mganga mmoja kutoka Mkula alimchanja chale. Akawa halali, na anawashwa. Katekista Teofili alimpa rozari aisali mpaka asinzie. Mjomba aliimaliza, akaenda kumwamsha katekista kuuliza kama kuna nyingine.

Na wazee wa ukoo, wao walikuja na dawa kongwe kuliko zote. Walikaa, wakanywa togwa ya Mama Domitila mpaka mtungi ukalia, kisha wakasema, "Jikaze." Wakaondoka.

Nilikuwa sijafungua hata sanduku langu alipoingia Jumbe Ildefonce, amevaa koti lake la shauri ingawa jua lilikuwa kali. Jumbe alikuwa na sauti ya mtu anayesoma tangazo hata akiomba maji ya kunywa.

"Domitila! Mimi sijalala. Mke wangu hajalala. Hata mbwa wangu hajalala, sasa anabweka mchana na kusinzia mwizi akipita."

"Pole, Jumbe."

"Pole haitoshi. Nimepeleka habari Boma, Mahenge. Lori linakuja siku ya soko. Likimkuta Kasmiri bado ana macho kama yale, litaondoka naye kwenda hospitali ya wendawazimu."

"Hospitali hiyo iko wapi, Jumbe?" niliuliza.

"Mbali."

"Kuna mtu wa huku aliyewahi kupelekwa?"

"Yuko. Bwana mmoja wa Mkula."

"Akarudi?"

Jumbe alisafisha koo. "Nguo zilirudi."

Mama Domitila aliacha kupepeta. Ungo ulibaki hewani, mchele ukateleza wote chini, na kuku wakaona kwamba siku imekuwa njema.

Sasa, wasomaji wangu, mnanijua. Nimewahi kutia nyuki kwenye kinanda cha kanisa. Sikutegemewa na mtu yeyote. Lakini Mjomba huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea, na aliponifundisha hakucheka hata mara moja, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Nikasema moyoni: Fridolin, elimu ya bweni imekugharimu ujana wako, sasa itumie.

Kulikuwa na Bruda wetu wa hesabu. Huyu aliugua ugonjwa ambao daktari aliupa jina refu, lakini kwa kifupi aliugua sisi. Alikuwa akisikia kengele isiyolia, na kulia mbele ya ubao. Walimrudisha kwao Ulaya. Aliporejea alikuwa mnene, analala kama gogo, na ametusamehe hata habari ya nyuki. Tulimuuliza alipewa dawa gani.

"Hakuna dawa," alisema. "Nililala kwenye kiti kirefu. Daktari alikaa nyuma yangu. Mimi nikasema kila kilichokuja moyoni. Yeye alisema 'Ehe.'"

"Basi?"

"Basi. Nikasema mengine. Akasema 'Ehe.' Nilienda kila juma mpaka majani yakapukutika yakaota tena."

Darasa zima tulikubaliana kwamba Wazungu wamepatikana. Lakini mimi nilikumbuka.

Kiti kirefu kimoja tu kilikuwepo mtaa ule: kiti cha kitambaa cha Katekista Teofili, alichoachiwa na padre aliyestaafu. Katekista hakukikalia. Alikifuta vumbi tu, akakitazama.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Kiti sitoi."

"Sijaomba bado."

"Nimekuona unavyokitazama."

Nikamweleza matibabu ya Ulaya. Alicheka, akasema ni upuuzi, akataka nimwonyeshe upuuzi wenyewe ili aukatae vizuri. Akajilaza. Mimi nikakaa nyuma juu ya kinu, uso mzito kama wa askofu.

"Haya, nimelala. Sasa?"

"Sema chochote."

"Sina la kusema."

"Ehe."

Kuku akapita. Katekista akaangalia dari.

"Kila mtu ananiletea ya kwake," alisema ghafla. "Fulani kafiwa, fulani kagombana na mkewe, fulani kaota nyoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, Teofili, wewe unaendeleaje?"

"Ehe."

"Jumapili nikisimama mbele yao tumbo linanikata. Miaka yote hii. Mke wangu anadhani ni maharage."

Alisema mengi mengine, na hayo hamtayasoma hapa. Maana Bruda alituambia kwamba yasemwayo kwenye kiti yanabaki kwenye kiti. Kwa kijana aliyezoea kutangaza habari kabla hazijatokea, adhabu hiyo ilinichoma kuliko fimbo.

Mwishowe katekista alinyamaza, akaanza kukoroma. Nilimwamsha kwa huzuni ya kidaktari, nikamwomba kiti. Alinipa. Akanibebea mwenyewe mpaka uani kwa Mjomba.

Habari zilikimbia, si kwa mdomo wangu. Kabla sijamwita Mjomba, palikuwa na mstari wa watu uani, kila mmoja akisema amekuja kutazama tu. Walitazama wakiwa wamejilaza. Mama mmoja alisema habari za mkwewe mpaka kitambaa cha kiti kikalowa machozi, akaondoka akitembea kama mtu aliyetua kuni kichwani. Mzee mmoja wa ukoo, bingwa wa "Jikaze", alijilaza akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu mkewe afariki anaogopa kula peke yake. Nikasema "Ehe." Sikuwa na hamu ya kucheka. Nilishangaa mwenyewe.

Basi nikawa na kiburi. Siku ya soko ilikuwa kesho yake. Nikamwita Mjomba.

Alikuja na macho yake yale, kama madirisha ya nyumba isiyo na mlango. Akajilaza miguu ikining'inia.

"Sema chochote kinachokujia, Mjomba."

"Njaa."

"Ehe."

"Ehe nini? Nimesema nina njaa."

"Endelea, Mjomba."

"Niendelee na njaa?"

Mama Domitila alileta wali. Alikula akiwa amelala. Wali mwingine ukaingia shingoni. Tukaanza upya.

"Mjomba, habari za Donati."

Hapo mkono wake ukakunja ngumi, kama mtu aliyeshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," alisema.

"Ehe."

"Alikuwa mcha Mungu."

"Ehe."

"Alikuwa mtu makini mtoni."

"Hayo nani kayasema, Mjomba?"

"Wote. Kila anayekuja kunipa pole anayasema. Katekista aliyasema kanisani. Mtu makini mtoni! Nami naitikia, ndiyo, ndiyo, alikuwa makini."

"Na wewe unasemaje?"

Aliitazama ngumi yake. Kisha akasema neno moja.

"Alisimama."

"Alisimama wapi?"

"Basi, Fridolin. Aliyekufa hasemwi."

Akainuka, wali ukamdondoka shingoni, akatoka. Nilibaki nyuma ya kiti kitupu nikisema "Ehe" peke yangu.

Sasa nieleweni. Niligundua jambo, na sikuligundua kwa akili. Niliujua ule uso. Ni uso wa kijana aliyemeza hasira kanisani, mahali asipoweza kutukana. Mjomba hakuwa na mzimu. Hakuwa na hofu ya maji. Mjomba alikuwa amemkasirikia Donati mpaka kwenye mifupa, na Donati alikuwa amekufa, na Ifakara nzima ilikuwa inakuja kila siku kumsifu Donati mbele yake. Kila pole ilikuwa kijiti cha kushikilia kope zake zisifumbe.

Kiti cha Ulaya hakikuwa na dawa ya hiyo. Mpogoro kama Mjomba hamtukani maiti wake mwenyewe, hata umlaze kwenye viti vya dunia nzima.

Lakini kuna mtu mwenye ruhusa.

Nilikimbia mpaka kwa Stefania Mngoni, muuza pombe wa upande wa soko. Mwanamke mkubwa, mikono kama mhimili, na mdomo ambao hata malori yalisubiri umalize.

"Shikamoo, Mama Stefania."

"Marahaba, mtoto wa mateka. Babu zangu waliwaacha hai ninyi Wapogoro wapate watu wa kuwachekesha. Unataka nini?"

"Nataka uje msibani kwetu."

Akaweka kata chini kwa kishindo. "Msibani? Leo? Donati amekufa masika, sasa watu wanavuna! Mlinikataza! Nilikuja na majivu usoni, tayari, Jumbe akanisimamisha njiani. Eti hakuna maiti, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna utani, ni sala tu na hotuba. Mlimlilia kwa adabu kama Wazungu. Mimi mtani wenu nikarudi na majivu yangu."

Si lazima niwaeleze mambo yetu. Mpogoro akifiwa, Mngoni haji kulia. Anakuja kuvaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na uchoyo wake, anazuia jeneza njiani mpaka apewe kuku, anasema mbele ya wote yale ambayo wafiwa wanayameza. Na hakuna ruhusa ya kukasirika. Sisi tulimwagilia msiba sala na hotuba, tukasahau chumvi.

"Kwani kuna nini leo?" aliuliza.

"Kesho lori linamchukua Mjomba. Halali."

Stefania alinitazama. Akachukua majivu jikoni, akajipaka uso mzima.

"Twende kabla sijapoa."

Lakini Mjomba hakuonekana. Alikuwa ametembea mpaka mashambani na hakurudi ila asubuhi, umande miguuni, siku ya soko yenyewe. Stefania alikuwa amekaa uani akimngoja, kofia ya ukindu ya Donati imekaa upande kichwani mwake. Watu walijaa. Mama Domitila alikuwa na mchi mkononi, hajui bado ampige nani.

"Kiti ndicho mtumbwi," Stefania aliamuru. "Wewe Fridolin, uwe Kasmiri. Kaa chini, shika pondo. Vaa huo ungo kichwani."

"Mjomba havai ungo."

"Mtani hapingwi."

Nikavaa ungo. Akanipaka tope mashavuni, sijui kwa nini, nadhani kwa kufurahia tu. Nikakaa mavumbini nikisukuma mtumbwi wa kitambaa, na Stefania akaketi ndani yake kama mfalme, akianza kuongea kwa sauti ya Donati, ile ya kupitia puani. Sikumwambia neno la kwenye kiti; mtani huzijua tabia za watani wake.

"Kasmiri! Sukuma vizuri! Wanawake wa ng'ambo wananitazama!"

Watu wakaguna. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mjomba alisimama mlangoni kama nguzo.

"Kasmiri, mimi ni mtu makini mtoni! Nani asiyejua? Ona nitakavyovuta wavu huu kwa mkono mmoja. Ngoja kwanza nisimame wanione!"

Akasimama. Kiti kikalia. Akaweka mkono kiunoni, akatikisa makalio, akapungia wanawake wa ng'ambo ambao hawakuwepo.

"KAA CHINI!"

Sauti ile sikuijua. Ilitoka kwa Mjomba.

"Kaa chini nani?" Stefania alimjibu puani. "Mimi ndiye mzuri, wewe ni wa kusukuma tu!"

"Kaa chini, mpumbavu wewe! Nimekwambia mtumbwi hauchezewi! Nimekwambia tangu utoto! Kila siku unasimama! Kila siku!" Mjomba alikuwa amefika katikati ya ua, ameninyang'anya pondo. "Ulisimama kwa ajili ya wanawake waliokuwa wanafua! Hata hawakutazama! Walikuwa wanafua!"

"Walitazama kidogo," alisema Stefania.

"Hawakutazama! Mpuuzi! Mjinga! Umeniacha na wavu wako, na mke wako, na watu wanakuja kwangu wanasema ulikuwa makini! Makini!"

Na hapo, wasomaji, Mjomba alianza kucheka. Ua mzima ukacheka naye. Katekista alicheka akishika nguzo. Hata Natalia, mke wa Donati, katika kaniki yake nyeusi, alikaa chini akicheka huku machozi yanamtoka, akisema, "Ndivyo, ndivyo hasa, hata jikoni alikuwa anasimama!"

Stefania akajitupa mtoni, yaani juu yangu. Ungo ukapasuka.

Mjomba akaacha kucheka. Akaketi kwenye kiti. Akaichukua kofia, akaigeuza mikononi, akasema taratibu:

"Sasa nitamwambia nani kaa chini?"

Mimi nikiwa chini ya Stefania nilisema kwa pumzi iliyobaki, "Ehe."

Akasema mengine. Alisema habari za utoto wao, na samaki waliyemwiba pamoja, na jinsi asivyoweza kupita pale kwenye matete. Alisema kwa sauti ndogo, akinyamaza na kuanza tena, na watu walikaa, na hakuna mtu aliyethubutu kusema jikaze. Kisha maneno yakawa mafupi. Kisha kofia ikamfunika uso.

Mjomba Kasmiri alilala.

Alikoroma. Ilikuwa sauti mbaya kabisa, kama msumeno kwenye mti mbichi, na Mama Domitila aliisikiliza mikono kifuani kama anasikiliza kwaya ya Noeli. Halafu akainua mchi, akatugeukia wote.

"Atakayemwamsha," alinong'ona, "namtwanga."

Ndipo lori likafika.

Alishuka Jumbe Ildefonce ndani ya koti lake, na nyuma yake Tarishi Kelestini wa Boma, kofia nyekundu, mkanda unang'aa, uso wa mtu aliyechoka. Nilimwona anapiga miayo miwili kabla hajafika mlangoni.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Yule pale," alisema Jumbe, kwa sauti ya tangazo. Mchi ukainuka. Jumbe akapunguza sauti, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Yule. Asiyelala."

Tarishi alimwendea Mjomba. Akainama. Akasikiliza msumeno.

"Huyu ndiye asiyelala?"

"Alikuwa halali."

"Jumbe. Nimetoka Mahenge alfajiri. Nimevuka mto. Umemwambia Bwana Shauri kuna mwendawazimu. Bwana Shauri ameagiza nimlete mwendawazimu. Unataka niende kumwambia kwamba Jumbe wa Ifakara hajui tofauti ya wazimu na usingizi?"

Jasho lilianza kumtoka Jumbe ndani ya koti. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu. Macho yake yakapita kwa katekista, yakapita kwa Stefania, yakasita kwa sababu ya ukubwa wake, yakafika kwangu.

Nilikuwa nimekaa mavumbini. Tope mashavuni. Duara la ungo shingoni kama kola. Nilikuwa bado napiga makasia kwa mkono, kwa furaha tu.

"Tarishi," alisema Jumbe, "nilisema Kasmiri? Nilikusudia mpwa wake. Huyu amefukuzwa shule. Alimvika mbuzi kanzu ya Bruda. Uliza mtu yeyote."

"Ni kweli?" Tarishi aliniuliza. "Ulimvika mbuzi kanzu?"

Mngenishauri niseme nini? Ilikuwa kweli. Ilikuwa hata imeandikwa gazetini.

"Mimi si mwendawazimu," nilinong'ona. "Mimi ni daktari."

Tarishi alitikisa kichwa kwa huruma. "Wote husema hivyo."

Dawa yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, inakoroma. Kelele moja, "Mjomba!", naye angeamka na kunitetea. Nilifungua mdomo. Nikamtazama Mama Domitila. Mchi ulikuwa juu, lakini si huo ulionizuia. Alikuwa analia bila sauti, anatikisa kichwa polepole: tafadhali.

Mimi, Fridolin, ambaye sijawahi kunyamaza hata kwenye mazishi ya padre, nilifunga mdomo.

Mama Domitila alinitazama, akamtazama mumewe, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuniletea wakili. Alitoka na sanduku langu la bati, na wali umefungwa kwenye jani la mgomba.

"Tutakufuata, mwanangu," alinong'ona. "Akiamka."

"Ataamka lini?"

Alikuwa amekwisha kugeuka kumfukuzia Mjomba nzi.

Basi nikapandishwa. Lori likapita kati ya mashamba ya mpunga, watu wakiinua vichwa kutoka kwenye mavuno kumtazama mwendawazimu, nami nikiwapungia kwa heshima. Kivukoni tulingoja pantoni. Tarishi Kelestini alishuka, akakaa kando yangu juu ya sanduku, lakini alikaa ameupa mto mgongo. Akapiga mwayo mwingine, mrefu, wenye kilio mwishoni.

"Wewe kichaa," alisema, "unalala?"

"Nalala, Baba."

"Mimi silali."

Nilifuta tope usoni. Nikasogea nikakaa nyuma yake kidogo, uso mzito kama wa askofu.

"Ehe," nilisema.

"Si ugonjwa. Ni kitu nilichokula."

"Ehe."

Akatazama kama dereva yuko mbali. "Nilitumwa Masagati kutangaza kodi. Kule mwisho wa dunia, kupita Mlimba. Nikamkuta mtu anabanika samaki. Tunafahamiana tangu zamani. Aliponiona akataka kukimbia. Nikamuuliza, kofia yako ya ukindu iko wapi? Akasema, imekufa maji."

Mkono wangu ulikuwa kwenye jani la wali. Ulibaki hapo hapo.

"Akanipa kambare mkubwa nisiseme," Tarishi alinong'ona. "Nikamla. Kurudi huku nikakuta mmeshamlilia. Tangu siku hiyo, nikifumba macho, nakiona kichwa cha yule kambare kinaniuliza: Kelestini, umekulaje samaki wa marehemu?"

Pantoni ikagusa ukingo. Dereva akawasha lori. Nyuma yetu, Ifakara, mjomba wangu alikuwa amelala kwa mara ya kwanza tangu masika, kwa sababu hatimaye alikuwa amemzika Donati.

Na mimi ndiye niliyejifunga kwamba yasemwayo kwenye kiti yanabaki kwenye kiti.

"Endelea, Baba," nilisema. Sauti yangu haikuwa ya askofu tena. "Alikuwa amekaa, au alikuwa amesimama?"